Wengi Wape, na Wachache Je?

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosemwa Kakamega mbele ya walimu, wazee wa mitaa, akina mama na vijana waliomaliza shule. Msemaji ni mfasiri katika kazi ya serikali. Twayachapa kama alivyoyasema, ila tumeacha maneno ya kukaribishana.)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na ninyi ndugu zangu vijana,

Wahenga walisema, "Wengi wape." Methali hii yapendwa sana baada ya kila uchaguzi, na hasa yapendwa na walioshinda. Lakini wahenga hao hao walisema pia, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," na methali hii ya pili sijaisikia ikitajwa na mshindi hata mmoja siku ya kutangaza kura. Jioni hii nataka kuziweka methali hizi mbili pamoja, nione kama zaweza kukaa nyumba moja. Habari yangu ni juu ya watu walio wachache katika nchi zinazotawaliwa kwa kura: wana cheo gani, wana nguvu gani, na sisi wa Kakamega tuna jambo gani katika habari hiyo.

Nianze na jambo dogo lililonipata mimi mwenyewe. Nilisoma sekondari katika shule moja ya misheni mbali na kwetu, upande wa Bonde la Ufa. Bwenini mwetu tulikuwa wavulana 34, na watatu kati yetu tulikuwa Waluhya. Maji yalichotwa mtoni, na zamu ya Jumamosi ilichukiwa na wote, kwa kuwa siku hiyo nguo zilifuliwa na ndoo zilikuwa nyingi. Jioni moja kiranja alitoa shauri kwamba tuamue jambo hili kwa kura, kama watu wastaarabu. Mikono ikainuliwa, ikahesabiwa, ikaandikwa daftarini: kura 31 kwa 3, Waluhya wachote maji kila Jumamosi. Hakuna aliyetutukana wala kutupiga. Tulichota muhula mzima. Muhula uliofuata mwalimu wa bweni aliliona lile daftari, akalifuta azimio kwa kalamu yake, akasema kwamba kura yafaa kumchagua kiranja, wala haifai kugawa ndoo kwa kabila. Kiranja alikasirika mno, akasema kwamba mwalimu ameivunja demokrasia.

Neno la yule kiranja limenisumbua miaka mingi, kwa sababu hakuwa mwongo. Kura zilihesabiwa kwa haki, na wengi walishinda. Basi kosa lilikuwa wapi? Nadhani lilikuwa hapa: sisi watatu hatukuwa na njia yo yote, hata tungekuwa hodari wa maneno namna gani, ya kushinda kura ile mwezi ujao au mwaka ujao. Mtu aliyeshindwa leo kwa sababu ya fikira zake aweza kushinda kesho, kwa maana fikira za watu hubadilika. Lakini aliyeshindwa kwa sababu ya ukoo wake atashindwa kesho na kesho kutwa. Huyo ndiye ninayemwita mchache.

Niruhusuni neno moja la kazi yangu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 56, yaiagiza serikali iweke mipango ili watu walio wachache na makundi yaliyotengwa washiriki katika utawala, wapate elimu na kazi, na wapate maji, matibabu na barabara. Ni maagizo mazuri. Lakini ukifungua kifungu cha 260, ambapo maneno ya Katiba hufafanuliwa, utakuta maelezo marefu ya maana ya "jamii iliyotengwa", na hutakuta hata mstari mmoja juu ya maana ya "walio wachache". Mfasiri akifika hapo hukuna kichwa. Wachache kwa hesabu ya nani?

Kwa maana hesabu ya vichwa peke yake haitoshi. Kabla ya mwaka 1963 Wazungu wa nchi hii walikuwa wachache sana, na bado walikuwa na wajumbe waliowachagua wenyewe katika Baraza la Kutunga Sheria tangu mwaka 1920, hali Waafrika walingoja mpaka Machi 1957 kuchagua wajumbe wao 8 wa kwanza, ambaye mmoja wao alikuwa Bwana Masinde Muliro wa Nyanza ya Kaskazini, yaani nchi yetu hii. Hata hapa nyumbani, mwaka 1909 Waingereza walimtambua Nabongo Mumia wa Wanga kuwa chifu mkuu, wakawaweka watu wake wawe machifu juu ya makabila ambayo hayakuwa Wawanga, na wazee wanaojua habari hiyo hawahitaji mimi niwaeleze uchungu wake. Kwa hiyo uchache ninaousema ni ule wa nguvu, yaani hali ya watu ambao mkubwa hapotezi kitu akiwasahau.

Sasa tuitazame Kenya nzima. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 tulikuwa watu 47,564,296. Wakikuyu, walio wengi kupita wote, walikuwa milioni 8 na zaidi kidogo. Sisi Waluhya tuliwafuata, milioni 6 na laki 8. Basi hata kabila lililo kubwa kuliko yote halikufika robo ya watu wa nchi, na sisi tunaojiona bahari tu kama watu 14 katika kila 100. Maana yake ni kwamba katika Kenya hakuna kabila lisilo chache. Kuna wachache wakubwa na wachache wadogo, basi. Upande wa mwisho kabisa wako Waelmolo wa ziwa Turkana, watu 1,104, na Wadahalo wa pwani, watu 575. Watu 575 hawajazi ukumbi wa shule kubwa.

Wala tusisahau kwamba huu wingi wetu wenyewe ni kitu kilichotengenezwa. Babu zetu hawakujiita Waluhya. Walijiita Waisukha, Waidakho, Wakabras, Wabutsotso, Wamarama, Wakisa, Watiriki, Wamaragoli, Wabukusu na kadhalika, makabila yapatayo 18, kila moja na mipaka yake na magomvi yake. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana hapa Kakamega, na Desemba 1932 sheria ya ardhi ya Waafrika ikabadilishwa upesi upesi, ili ardhi yenye dhahabu iweze kuchukuliwa bila kuuliza baraza la wenyeji. Ndipo wazee wetu walipofahamu ya kwamba Mwisukha peke yake ni mchache, na Mmaragoli peke yake ni mchache. Katika miaka ya 1930 na 1940 wenye elimu na vyama vyao walilikuza jina hili moja la Abaluhya, ili wakiandika barua kwa serikali wahesabiwe kwa maelfu mengi. Lakini wakati wa kutaka kuandika lugha moja kwa wote, Wamaragoli walikataa kuiacha lugha yao, wakabaki na Biblia yao. Hiyo nayo ilikuwa haki yao. Mtu aweza kuingia katika kundi kubwa bila kutupa kikapu alichokuja nacho.

Hofu ya wachache ndiyo iliyoligawanya taifa letu kabla halijazaliwa. Mwaka 1960 vyama viwili vilianzishwa. KANU ilikuwa na makabila makubwa ya Wakikuyu na Wajaluo. KADU ilikuwa ya wale walioogopa kumezwa: Wakalenjin, Wamasai, Wamijikenda wa pwani, na sehemu kubwa ya Waluhya. Viongozi wake walikuwa Bwana Ronald Ngala, Bwana Masinde Muliro na Bwana Daniel arap Moi. Huko London mwaka 1962, katika mkutano wa Lancaster House, watu wa KADU walishikilia majimbo, na wakayapata. Katiba ya mwaka 1963 ilikuwa na majimbo 7, mbali na Nairobi, na Baraza la Senate lenye wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya, ili wilaya ndogo iwe na sauti sawa na kubwa. Kakamega ikawa makao makuu ya Jimbo la Magharibi. Watu walicheza ngoma.

Je, majimbo yale yaliishi muda gani? Novemba 1964 KADU ilijivunja, wajumbe wake wakahamia upande wa serikali. Desemba mwaka ule ule nchi ikawa Jamhuri, na nguvu za majimbo zikaondolewa. Mwaka 1966 Senate ikaunganishwa na Bunge. Mimi nikisoma habari hizi sioni kwamba wachache walinyang'anywa kwa nguvu tu. Walinzi wao wenyewe waliupima ulinzi ule na viti vya serikali, wakaona viti ni vizuri zaidi. Huu ni udhaifu ambao hauzungumzwi sana. Mara nyingi mkubwa wa kabila dogo akipewa gari yenye bendera husema kwamba kabila lake sasa limeridhika.

Baada ya miaka 46 jambo lile lile lilirudi kwa sura nyingine, katika Katiba ya 2010, ikatupa kaunti 47 na Senate mpya. Kuna kufuli moja katika Katiba hiyo ambalo mimi nalisifu. Kifungu cha 138 chasema kwamba atakaye kuwa Rais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na tena apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kwa hiyo hata mtu mwenye kabila kubwa nyuma yake hana budi kusafiri, akanywa chai katika nyumba za watu ambao asingewajua.

Nchi nyingine nazo zimeshindana na fumbo hili. Ireland ya Kaskazini ilikuwa na Bunge lake tangu mwaka 1921, uchaguzi ulifanywa kwa wakati wake, na chama kimoja cha Waprotestanti kikashinda kila mara kwa miaka 50, mpaka 1972, kwa kuwa Waprotestanti walikuwa wengi na Wakatoliki wachache. Ilikuwa kama lile bweni letu, ila badala ya ndoo ziligawanywa nyumba na kazi, na mwisho wake ulikuwa mabomu na maziko. Katika mapatano ya mwaka 1998 walikubaliana kwamba pande zote mbili ziingie katika serikali pamoja. New Zealand ilichukua njia nyingine mapema zaidi. Mwaka 1867 iliwatengea wenyeji wake, Wamaori, viti 4 bungeni. Tangu mwaka 2002 viti hivyo vimekuwa 7. Wako wasemao kwamba kutenga viti ni kuwafanya watu watoto. Labda. Lakini afadhali kuwa ndani ya nyumba ukinung'unika kuliko kunung'unikia uani.

Narudi kwetu, kwa maana mifano ya mbali hutufanya tujione wema. Nitawaeleza habari mbili za Kenya, moja ya pwani na moja ya Mau.

Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji zamani za ukoloni kufanya kazi katika mashamba makubwa ya pwani, hasa upande wa Kwale. Walizaa watoto, na watoto wakazaa wajukuu, wote juu ya ardhi ya Kenya, wala hawakuandikwa kuwa raia. Kila mmoja wenu aliye na kitambulisho mfukoni na ajiulize kingepotea leo bila tumaini la kingine, angefanya nini. Hupigi kura. Huwezi kufungua akaunti katika benki. Huwezi kuandikisha shamba kwa jina lako. Na kwa kuwa hupigi kura, mwanasiasa akipita njiani kwenu hana sababu ya kusimamisha gari. Ndugu zangu, hapo ndipo pabaya kuliko pote. Aliyeshindwa kwa kura angalau amehesabiwa. Mwezi wa Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi. Walipofika Ikulu, Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa Desemba. Wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Katika hesabu ya 2019 walikuwa watu 3,764, wachache kuliko wapiga kura wa wadi moja ya hapa kwetu. Hawakushinda uchaguzi wo wote. Walitembea tu, mpaka ikawa aibu kutowaona. Baada yao Washona nao waliahidiwa uraia mnamo Desemba 2020, na Wapemba wa Kilifi wakaupata mwaka 2023.

Habari ya pili haina mwisho wa furaha hiyo. Waogiek ni watu wa msitu wa Mau, wafuga nyuki na warina asali. Mwezi wa Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke msituni. Walikwenda mahakamani, na kesi yao ikafika hata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ile ikaamua kwamba Serikali ya Kenya imevunja haki zao za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa mateso, tena wapewe hati ya ardhi yao kwa pamoja. Naam, ni hukumu iliyosifiwa duniani. Lakini mwezi wa Novemba 2023 nyumba za Waogiek huko Sasimwani zilibomolewa tena. Mimi nala mshahara wa serikali, wala sioni fahari kulisema jambo hili, lakini hukumu iliyotafsiriwa vizuri na kupigwa mihuri haimzuii mtu kulala nje ikiwa mwenye nguvu hakutaka kuitii.

Nimefika sasa katika sehemu ngumu ya maneno yangu. Kuna neno la Kiswahili ambalo mimi, kama mfasiri, naliona haya kuliko matusi yote. Neno hilo ni madoadoa. Doa ni alama ya uchafu juu ya nguo, na dawa ya doa ni kufua. Katika Bonde la Ufa, katika miaka ya machafuko ya 1992 na ya 2007 na 2008, neno hilo lilitumiwa kwa watu wa makabila mengine waliokaa kati ya wenyeji, na kila aliyelisikia alifahamu kazi aliyotumwa. Lilisikika tena jukwaani Eldoret Januari 2022, na mwezi wa Aprili mwaka ule Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiandika katika orodha ya maneno ya chuki, pamoja na neno kwekwe. Waluhya wengi walikuwa madoadoa. Waliotoka Endebess mwaka 1992 na virago kichwani walikuwa ndugu zetu, na wengine hawakurudi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini, na laki kadhaa wakakimbia makao yao.

Lakini tusijifanye tulikuwa tumeonewa tu. Lugari na Likuyani ni sehemu za kaunti hii hii. Huko Wakikuyu walinunua mashamba na kukaa na jirani zao tangu siku za kugawa mashamba ya Wazungu, na mwanzoni mwa 2008 familia nyingi zao zilikimbia wakaacha mahindi ghalani. Hawakufukuzwa na watu wa mbali. Yule aliyekuwa doa Endebess aliweza kuwa mfuaji Lugari. Hilo ndilo jambo nililojia hapa kulisema, na likiwachukiza wengine naomba radhi kwa sauti yangu, si kwa maana yake: hakuna mtu aliye wa wengi mahali pote. Mluhya ni wa wengi Kakamega, ni mchache Narok. Mtu wa Malava ni wa wengi kwao, ni mchache Mumias. Mwislamu wa Mumias, mji uliopokea misafara ya pwani kabla Kakamega haijawa mji, yu kati ya ndugu zake siku ya Ijumaa pale msikitini, lakini katika kaunti nzima ni mchache. Hizo haki za wachache tunazozionea choyo ni akiba ya kila mtu kwa siku atakapovuka mto.

Nasema choyo kwa sababu nimezisikia hasira za watu juu ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Kifungu cha 65 chaiagiza bodi inayoajiri watumishi wa kaunti ihakikishe kwamba angalau 30 kwa kila nafasi 100 za kazi za kuanzia zapewa watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti ile. Mama mmoja aliniuliza sokoni kwa uchungu wa kweli: mwanawe amesoma uuguzi, amekaa nyumbani miaka, yawaje kazi ya hospitali ya hapa apewe mtu wa Makueni? Sikumcheka, na sitamcheka leo. Kazi ni chache, na watoto wetu ni wengi.

Nilimjibu hivi. Kwanza, sheria haisemi apewe asiyefaa, maana yule wa Makueni sharti awe muuguzi kama mwanao. Pili, angalia ukubwa wa mashamba yetu. Hapa na Vihiga watu wamebanana, shamba la baba likigawanywa kwa wana watano halibaki shamba. Kwa hiyo ni desturi yetu kutoka. Walimu wetu wako Turkana, wauguzi wetu wako Mombasa, mafundi wetu wako Nakuru. Kila kaunti ikifunga mlango wake, nani atakayeumia zaidi? Si yule mwenye ardhi ya kutosha kwao. Ni sisi. Yule mama alinyamaza, kisha akasema, "Na huko Makueni nako wanaishika sheria hiyo?" Swali hilo lilinishinda, na hata sasa lanishinda. Kifungu kimoja chawahusu wote, lakini kila kaunti yataka mwenzake aanze.

Tena sheria yenyewe ina kasoro, wala sitaki kuificha. Sheria ya mwaka 2008 ya uwiano wa taifa yasema ofisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wa kabila moja. Sheria ya 2012 yaridhika ikiwa wageni ni 30 tu kwa 100 ya wanaoanza kazi. Zote mbili zatumika, na ukizisoma pamoja waona kwamba waliozitunga hawakuketi meza moja. Tena ikiwa Waluhya wote wahesabiwa kabila moja, basi ofisi yaweza kujaa watu wa tarafa moja na ukoo mmoja, na sheria isione cho chote. Mtachoni akikosa nafasi kwa sababu ya jina lake, atamwambia nani, hali kwenye karatasi yeye na aliyemnyima ni kabila moja? Kwa maoni yangu Bunge la Kaunti lafaa kulitazama jambo hili kabla ya kutazama jambo la safari za wajumbe, ila hayo ni maoni yangu tu.

Mwaweza kufanya nini ninyi msio wajumbe? Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti hupeleka taarifa za kazi yake kwa Bunge la Kaunti. Taarifa hizo si siri. Mwulizeni mwakilishi wa wadi yenu ni watu wangapi walioandikwa kazi mwaka uliopita, ni wangapi walitoka nje ya kabila letu, na ni wangapi walitoka katika kila sehemu ya kaunti. Akisema hajui, mwambieni mtangoja. Nanyi walimu, mnapofundisha uchaguzi wa viranja, wafundisheni watoto pia yale mambo ambayo kiranja hana ruhusa ya kuyapigia kura. Na ninyi vijana mnaoandika katika simu zenu, lile neno nililolitaja liacheni libaki kazi ya dobi.

Sasa nakaa kitako, Bwana Mwenyekiti, ili wenye maswali waulize. Ningeomba tuanze na wale waliosimama kule nyuma mlangoni, kwa kuwa tangu nianze sijaona mtu aliyewasogezea kiti.